UCHAMBUZI: Mbona mlalahoi humpigia kura anayemfinya mfukoni?

KWA miaka mingi ambayo nimeketi kwenye dawati la uhariri, kuna kurasa mbili ambazo zimekuwa zikinifikia usiku mmoja. Ukurasa wa kwanza huwa na habari za bei: unga umepanda, nauli imepanda, mafuta taa yamepanda. Ukurasa wa pili huwa na picha ya kiongozi aliyeunga mkono sheria iliyochangia kupandisha bei hizo, amesimama juu ya gari, akishangiliwa na umati wa watu.

Aghalabu umati huo ni wa watu wale wale wanaolalamika katika ukurasa wa kwanza.

Kazi ya mhariri ni kusahihisha lugha na kutafuta kichwa cha habari kinachotosha nafasi iliyopo. Hata hivyo, kurasa zikishaenda mitamboni, swali hubaki. Je, ni kwa nini mtu humpa kura kiongozi ambaye sera zake zinampunguzia chakula mezani?

Mtaa wa Riruta Satellite, kando ya barabara ya Naivasha jijini Nairobi, ni mahali pazuri pa kulitafutia swali hili jibu. Wadi ya Riruta imo katika eneobunge la Dagoretti Kusini. Jirani yake Kawangware imo Dagoretti Kaskazini. Kibera nayo haiko mbali.

Ukiondoa mitaa ya kitajiri ya Kilimani na Kileleshwa, ambayo pia imo Dagoretti Kaskazini, maisha ya wakazi wa sehemu hizi yanafanana sana. Ni maisha ya vyumba vya kupanga, vibanda vya mboga, boda boda, vibarua vya mjengo na kazi za nyumbani katika mitaa ya wenye nacho.

Kisiasa, hata hivyo, sehemu hizi hutazamana kwa mbali. Dagoretti Kusini ilimchagua mbunge wa TNA mwaka wa 2013, wa Jubilee mwaka wa 2017 na wa UDA mwaka wa 2022. Katika chaguzi hizo zote tatu, Dagoretti Kaskazini na Kibra zilichagua wabunge wa ODM.

Watu wanaopika kwa jiko la aina moja na kupanda matatu za aina moja wamekuwa wakipiga kura kana kwamba maslahi yao ni kama mbingu na ardhi.

Si ujinga

Jibu jepesi, ambalo husikika sana katika mikahawa ya katikati ya jiji, ni kwamba mpiga kura maskini ni mjinga. Jibu hilo ni la dharau, na isitoshe, si kweli.

Mama mboga wa Satellite anayeamka saa tisa usiku kwenda kununua sukuma wiki kwa jumla, kisha akaigawa mafungu na kujua ni fungu gani litampa faida ya Sh5, hawezi kuambiwa kuwa hajui hesabu. Anaijua kuliko wengi wanaomcheka.

Aidha, tatizo hili si la Kenya pekee. Mwaka wa 2004, mwandishi Thomas Frank wa Marekani alichapisha kitabu akiuliza ni kipi kilichowasibu watu wa jimbo la Kansas, hata wafanyakazi wakawa wanachagua wanasiasa wanaowapunguzia matajiri kodi. Alieleza kuwa masuala ya dini na utamaduni yalikuwa yametangulizwa mbele ya mfuko.

Nchini Kenya si dini wala utamaduni unaotangulizwa. Ukichunguza kwa makini, utaona mambo matatu: ushuru usioonekana, msaada unaoonekana, na hofu.

Ushuru usio na sura

Tuanze na mafuta taa, ambayo ndiyo nishati ya wengi wasiomudu gesi.

Mnamo Septemba 2018, Bunge lilipitisha Sheria ya Fedha iliyoweka ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwazuia wafanyabiashara walaghai waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Sheria hiyo pia iliidhinisha ushuru wa VAT wa asilimia 8 kwa mafuta, baada ya pendekezo la asilimia 16 kuzua malalamishi.

Kikao cha Septemba 20 kilichopitisha mapendekezo hayo kilijaa rabsha. Jambo la kukumbukwa, hata hivyo, ni kwamba vinara wa pande zote mbili walikuwa upande mmoja. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, na marehemu Raila Odinga walikuwa wamesalimiana hadharani mwezi wa Machi mwaka huo, na wote wawili waliwataka wabunge wao waunge mkono mapendekezo hayo.

Mkazi wa Satellite na mkazi wa Kibera, ambao miezi michache tu awali walikuwa wakiitana maadui, walitozwa Sh18 zile zile kwa lita ile ile.

Sasa tupige hesabu. Tuseme familia inatumia lita moja ya mafuta taa kila baada ya siku mbili. Kwa mwaka, ada hiyo pekee ni takriban Sh3,280. Kwa muhula mmoja wa miaka mitano, ni zaidi ya Sh16,000. Hiyo ni kabla ya kuhesabu VAT, ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliirejesha hadi asilimia 16, wala bei ya mafuta yenyewe.

Na bei yenyewe haikusimama. Katikati ya Septemba 2022, utawala mpya wa Rais William Ruto ulipoanza kuondoa ruzuku ya mafuta, lita ya mafuta taa jijini Nairobi ilipanda kutoka Sh127.94 hadi Sh147.94. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2023, ilikuwa imefika Sh202.61.

Kusema kweli, si ongezeko lote hilo lililotokana na ushuru. Bei katika masoko ya kimataifa na kudorora kwa shilingi dhidi ya dola kulichangia pakubwa. Ila hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mnunuzi anayefika dukani na chupa na kuomba mafuta ya Sh30 hana namna ya kujua ni senti ngapi zimekwenda kwa Mwarabu mwenye kisima, ngapi kwa mwenye duka na ngapi kwa serikali. Anachokiona ni kwamba mafuta yamepungua kwenye chupa, na mtu aliye karibu wa kulaumiwa ni muuza duka.

Mfanyakazi wa mshahara hukatwa makato yanayoorodheshwa kwenye hati yake ya malipo. Ndiyo maana ada ya nyumba ya asilimia 1.5 ilipoanza kutozwa mwaka wa 2023, kelele zilisikika kila mahali na kesi zikafika mahakamani. Kibarua wa mjengo hana hati ya malipo. Ushuru wake hulipwa kimyakimya kupitia kwa mafuta, nauli na muda wa maongezi wa simu.

Msaada wenye jina

Ilhali ushuru hauna sura, msaada unayo. Una jina, sauti na mara nyingi una bango lenye picha.

Mwaka wa 1992, kundi la Youth for Kanu '92 lililokuwa likiongozwa na Cyrus Jirongo lilimwaga pesa nyingi katika kampeni, hata noti ya Sh500 ikabandikwa jina la "Jirongo". Mwaka uliofuata, mfumuko wa bei ulipita asilimia 40, kwa sababu zilizojumuisha wingi wa pesa zilizochapishwa na kashfa ya Goldenberg. Noti ikakumbukwa kwa jina la aliyeigawa. Mfumuko wa bei uliokula thamani ya noti hiyo haukupewa jina la mtu yeyote.

Jiji la Nairobi lilishuhudia mtindo huo tena kupitia kwa Mike Sonko. Kabla ya kuchaguliwa gavana mwaka wa 2017, kundi lake la Sonko Rescue Team lilikuwa likipeleka maji na ambulensi katika mitaa ya wanyonge. Kwa mtu ambaye mfereji wake umekauka kwa wiki nzima, lori la maji si hongo bali ni uokozi. Lakini lori hilo pia lilimzoesha kuamini kuwa maji ni fadhila za mtu, na wala si haki anayoilipia kwa ushuru wake. Sonko aliondolewa mamlakani na Seneti mnamo Desemba 2020.

Basari nazo ni vivyo hivyo. Tangu Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge ibuniwe mwaka wa 2003, mzazi anayepata hundi ya karo humshukuru mheshimiwa kwa moyo wake wa ukarimu. Ni wachache wanaokumbuka kuwa hundi hiyo imetokana na ushuru, zikiwemo zile senti za chupa ya mafuta taa.

Mikopo ya Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, ilifika kwa ujumbe wa simu. Wengi walianza na Sh500. Ujumbe ulimjulisha mkopaji kwamba serikali imemkumbuka. Hakuna ujumbe wa simu unaomjulisha mtu kila anapotozwa VAT.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mwanasiasa anaifahamu methali hiyo vyema, na ndiyo sababu harambee hazifi. Julai 2024, Rais alipiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki michango hiyo. Kufikia mapema 2025, mamilioni ya pesa yalikuwa yakitolewa tena makanisani.

Hofu

Lakini hata ushuru ungeonekana na msaada ungekoma, lipo jambo la tatu lililo zito zaidi. Wakazi wa Satellite, Kawangware na Kibera hawapigi kura wakifikiria bei peke yake. Wanafikiria pia usiku utakaofuata siku ya uchaguzi.

Mwishoni mwa 2001, wapangaji wa Kibera walitaka kodi za nyumba zipunguzwe. Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, alikuwa amezuru mtaa huo na kusema kodi zilikuwa za juu mno, naye Raila Odinga akaunga mkono. Hilo lilikuwa suala la mfuko, na ambalo lingeweza kuwaunganisha wapangaji wote wa Nairobi. Badala yake, liligeuka haraka kuwa vita kati ya wapangaji Wajaluo na wenye nyumba Wanubi. Watu waliuawa, wengine wakatoroka.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kote nchini, kwa mujibu wa tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki. Kibera na Kawangware zilikuwa miongoni mwa sehemu za jiji zilizowaka moto. Mnamo Oktoba 2017, baada ya marudio ya uchaguzi wa urais, Kawangware ilishuhudia tena majirani wakikimbizana usiku na mali ikiteketea.

Mtu aliyeyapitia hayo hupiga hesabu nyingine kabisa. Anajiuliza: Siku mambo yakiharibika, ni nani atakayepiga simu polisi wafike upande wangu? Kibanda changu kikichomwa, ni nani atakayesikia? Mwenye ploti anahofia kuipoteza. Mpangaji anahofia kufurushwa.

Kwa mtu wa aina hiyo, kura ni bima. Anamchagua "mtu wetu" jinsi mwenye gari anavyokata bima, na ushuru anaotozwa na mtu wetu huyo huuona kuwa malipo ya bima. Ni ghali, lakini kukosa bima kunatisha zaidi. Zimwi likujualo, walisema wahenga, halikuli likakwisha.

Watafiti wamelithibitisha jambo hili kwa njia yao. Uchunguzi wa Benn Eifert, Edward Miguel na Daniel Posner, uliochapishwa mwaka wa 2010 na kuhusisha zaidi ya watu 35,000 katika nchi 10 za Afrika, ulionyesha kuwa kadiri uchaguzi wenye ushindani unavyokaribia, ndivyo watu wanavyozidi kujitambulisha kwa kabila badala ya kazi. Kwa maneno mengine, mwaka wa kawaida fundi ni fundi. Kampeni zikianza, fundi huwa ni Mkikuyu, Mluhya, Mjaluo au Mkamba.

Wanaolijua hilo zaidi ni wanasiasa. Ndiyo maana wakati wa uchaguzi hawahubiri bei bali huhubiri adui.

Je, bima hii hulipa?

Swali ambalo mpiga kura anafaa kujiuliza ni hili: Je, bima hiyo huwahi kulipa?

Kuna wakati ilikuwa ikilipa. Utafiti wa Robin Burgess na wenzake kuhusu barabara za Kenya kati ya 1963 na 2011, uliochapishwa mwaka wa 2015, uligundua kuwa wilaya za kabila la Rais zilipata mara mbili ya pesa za barabara na mara tano ya urefu wa barabara za lami. Aliyeamini kuwa ni muhimu "mtu wetu" awe Ikulu hakuwa akiota.

Lakini utafiti huo huo uligundua kuwa upendeleo huo ulitoweka katika vipindi vya demokrasia ya vyama vingi. Bima ya kabila ilikuwa na faida zaidi chini ya udikteta. Tangu wananchi wapate uhuru wa kuchagua, wameendelea kulipia bima ambayo kampuni yake imepunguza fidia bila kuwaambia.

Hata ungali pale upendeleo, haungefika Satellite kwa urahisi. Mapema 2023, Naibu Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, aliifananisha serikali na kampuni yenye hisa, ambapo waliowekeza kura ndio wa kwanza kuvuna. Alishutumiwa vikali kwa kauli hiyo, ila alisema waziwazi kile ambacho wenzake wengi hukisema faraghani.

Tukubali kwa muda kwamba serikali ni kampuni. Wapiga kura wa Dagoretti Kusini waliomchagua mbunge wa UDA walikuwa na hisa. Je, gawio lao lilikuwa lipi? Kituo cha mafuta hakimuulizi mnunuzi alimpigia nani kura kabla ya kumtoza VAT. Gawio hugawanywa juu, katika teuzi na zabuni. Hasara hugawanywa chini, kwa usawa bila ubaguzi wa kabila wala chama.

Gachagua mwenyewe, aliyeonekana kuwa na hisa nyingi kuliko wengi, aling'olewa na Seneti mnamo Oktoba 17, 2024.

Ushuru ulipopata sura

Wapo watakaosema kuwa hali hii haiwezi kubadilika. Mwaka wa 2024 ulionyesha vinginevyo.

Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 2.5 kwa thamani ya magari, miongoni mwa tozo nyingine. Tofauti ni kwamba safari hii vijana waliusoma. Waliufafanua katika mitandao ya kijamii, kipengele kwa kipengele, hata kwa lugha za mama. Kisha wakachapisha majina ya wabunge na namna kila mmoja alivyopiga kura.

Kwa mara ya kwanza ushuru ukapata sura, na sura hiyo ikawa ya mheshimiwa.

Mapendekezo ya mkate na magari yaliondolewa Juni 18. Mswada wenyewe ulipitishwa Juni 25 kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia Bungeni. Kesho yake Rais alitangaza kuwa hangeutia saini. Makumi ya vijana walipoteza uhai katika maandamano hayo, na bei hiyo isisahauliwe kamwe.

Waandamanaji walisema hawana kabila na hawana kiongozi. Wengi walilichukulia hilo kama wimbo tu. Kwangu mimi, lilikuwa jibu la moja kwa moja kwa biashara ya bima. Vijana hao walikataa kulipia ulinzi dhidi ya jirani kwa sababu jirani alikuwa amesimama nao kwenye moshi wa vitoa machozi.

Kilichofuata kinafaa kusomwa kwa makini pia. Kabla ya Julai 2024 kuisha, wandani wa Raila walikuwa wameteuliwa mawaziri. Desemba, sheria mpya ya ushuru ilirejesha baadhi ya mapendekezo ya mswada uliokataliwa. Machi 2025, UDA na ODM zilitia saini mkataba wa kushirikiana. Ilikuwa kama Machi 2018: wakubwa wanapotaka kuelewana, kabila halikuwa kizuizi kamwe.

Fahali wawili wakipigana, husemwa, ziumiazo ni nyasi. Nyasi za Satellite na Kibera zingeongeza kuwa fahali hao wakipatana, hulisha pamoja.

Hesabu ya 2027

Uchaguzi mkuu umepangwa kufanyika Agosti 10, 2027. Tayari kila jamii ina wa kuiambia kuwa inawindwa na kwamba ni lazima iwe pamoja ndipo isimezwe. Maneno hayo yatazidi kadiri siku zinavyosonga.

Simwambii mkazi wa Satellite achague chama gani. Hofu yake pia siidharau, kwani hakuijenga peke yake, na haitaondoka kwa kukemewa na wahariri wa magazeti. Itapungua polisi watakapomlinda kila raia bila kuuliza jina lake la pili, na waliochochea ghasia watakapofungwa, jambo ambalo halijafanyika ipasavyo tangu 2008.

Ila kuna mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wake. Anayekuja kuomba kura katika stejini ya Satellite aulizwe kwa utaratibu: Mliyokuwa Bungeni, ulipigaje kura kuhusu mafuta mwaka wa 2023, na kuhusu mswada wa 2024? Wewe unayetaka kuingia, utaipigaje? Jibu lipo katika kumbukumbu rasmi za Bunge.

La pili ni kuvuka barabara na kumuuliza jirani wa Kawangware swali hilo hilo kuhusu mbunge wake. Yamkini watagundua kuwa majibu yao yanafanana, na kwamba walikuwa wakikata bima dhidi ya mtu anayenunua mafuta ya Sh30 katika chupa kama yao.